Namba Arobaini Haikuitwa

Somo la wiki: Marko 5:21–43



Wengi wenu mnajua kwamba kabla sijaingia chuo cha theolojia nilikuwa nikiandika programu za kompyuta. Ndiyo maana kila Jumapili baada ya ibada hakosi mtu wa kunisogelea na simu iliyoganda mkononi, kana kwamba siku ile ya kuwekewa mikono nilipewa na karama ya kufufua betri. Leo nataka kuwasimulia kosa nililolifanya katika kazi ile ya zamani. Nimekaa nalo muda mrefu, na wiki hii nilipokuwa naandaa somo la Marko likaja tena likagonga.

Zahanati moja iliniomba kitu chepesi. Mgonjwa akifika mapokezi apewe kikaratasi chenye namba, na zamu yake ikifika namba ile itokee kwenye skrini kubwa ukutani. Dada wa mapokezi angekuwa na kitufe kimoja tu, "Anayefuata". Mimi nikataka kutia nakshi: namba mpya ikitokea, iwake na kuzimika mara tatu, nyekundu na nyeupe, ili hata anayesinzia kwenye benchi ashtuke. Ilikuwa kazi ya jioni moja. Nikaandika: ongeza namba, paka nyekundu, lala sekunde moja, paka nyeupe, lala sekunde moja, rudia mara tatu. Ukiisoma kwenye karatasi haina kasoro. Niliijaribu juujuu usiku ule. Namba ikabadilika, nikasema kompyuta yangu ni nzee ndiyo maana haimetameti, nikaenda kulala.

Kesho yake asubuhi nikaketi benchi la nyuma kutazama kazi ya mikono yangu. Ukutani palikuwa na 38. Dada akabonyeza. Kitufe kikazama, hakikuinuka. Namba ikabaki ileile, hakuna nyekundu wala nyeupe. Dada akafanya ambacho mimi na wewe tungefanya: akadhani hakubonyeza vizuri, akabonyeza tena, na tena, na tena. Baada ya sekunde sita 39 ikachomoza, mtu akainuka akaingia, nikashusha pumzi. Kisha skrini ikaganda upya, safari hii kwa muda mrefu zaidi, na ilipozinduka ilisoma 42. Mwenye 42 akainuka.

Kando yangu alikuwa ameketi mama mmoja mtu mzima, kanga mabegani, kikaratasi kimeloa jasho kiganjani. Aliutazama ukuta, akakitazama kikaratasi, akautazama tena ukuta. Baadaye akanigeukia.

"Mwanangu, pale ni ngapi?"

"Arobaini na mbili, mama."

Akanionyesha chake. Arobaini. "Basi nimeitwa sikuona," akasema. "Macho yangu haya."

Wapendwa, nililitengeneza kosa mimi, likabebwa na macho ya mama yule. Hakusema mashine imekosea. Hakusema aliyeiweka amekosea. Asiyesikilizwa, mara nyingi, huanza kwa kujitilia shaka mwenyewe.

Niwaeleze kilichotokea. Ukiona dirisha kwenye kompyuta, lenye vitufe na maandishi, unaweza kudhani nyuma yake kuna kundi la watumishi: mmoja anasikiliza, mwingine anachora, mwingine anahesabu. Kwa kawaida yuko bawabu mmoja tu. Sisi wa kazi ile tulimwita uzi wa matukio. Ukibonyeza kitufe, ukiandika herufi, ukisogeza kipanya, kila kimoja ni tukio, na kila tukio hupanga foleni mbele yake. Huchukua la kwanza, hulimaliza, hugeukia la pili. Harukii la tatu, wala hashiki mawili kwa mpigo.

Na bawabu huyohuyo ndiye mchoraji. Hapa ndipo vijana wanaoanza kazi ile hujikwaa. Ukiiambia programu kwamba namba sasa ni 39 na rangi ni nyekundu, haichori papo hapo. Inaweka ombi kwenye foleni: ukipata nafasi, chora upya. Mimi, kabla bawabu hajapata nafasi, nikamwambia alale. Akaamka, nikamwambia nyeupe, nikamlaza tena. Mara sita. Rangi zilibadilika kweli, lakini ndani ya kumbukumbu ya mashine tu. Ukutani hakikufika kitu, kwa sababu mwenye brashi alikuwa usingizini. Alipoachiwa alichora hali ya mwisho aliyoikuta, basi. Nyekundu zote tatu zilipita bila jicho la mtu kuziona.

Nayo mabonyezo matatu ya ziada ya yule dada hayakupotea. Yalipanga foleni. Bawabu alipozinduka aliyakuta mlangoni, akayahudumia moja baada ya jingine kwa uaminifu wote, akilala sekunde sita kwa kila moja. Arobaini ikaja ikapita. Arobaini na moja ikaja ikapita. Ombi la kuzichora lilikuwa nyuma ya mabonyezo yaliyotangulia kufika, na zamu ya brashi ilipowadia, namba ilikuwa imeshafika 42.

Mnaona kosa lilipokuwa. Nilitaka programu ingoje, nikaandika ilale. Nilidhani ni neno moja. Kumbe nilikuwa nimemlaza bawabu mlangoni.

Mtauliza, kwa nini wasiwekwe mabawabu wengi, mmoja akilala mwingine akeshe? Walijaribu, tena watu wenye akili kuliko mimi. Java ilipotoka mwaka 1996, maktaba yake ya kwanza ya kutengenezea madirisha, AWT, ilikusudiwa iguswe na nyuzi nyingi kwa wakati mmoja. Mwaka 2004 Graham Hamilton, mmoja wa wahandisi wakuu wa kampuni ya Sun iliyoizaa Java, aliandika waziwazi kuhusu ndoto hiyo na jinsi ilivyoshindikana. Sababu yake utaielewa haraka ukiwahi kusafiri kwenye barabara zetu. Bonyezo la mtumiaji hutoka chini, kwenye mashine, likapanda kuelekea programu. Amri ya programu hutoka juu ikashuka kuelekea mashine. Kila mmoja hufunga milango anakopita ili asiingiliwe. Wakikutana katikati, ni kama malori mawili kwenye daraja jembamba: huyu anangoja yule arudi nyuma, yule anangoja huyu arudi nyuma, na jua linazama. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ndiyo maana Swing, iliyoifuata AWT na kuingia rasmi katika Java mwishoni mwa 1998, ilishika sheria ya bawabu mmoja, na maktaba nyingi za madirisha za lugha nyingine zinaishi kwa sheria hiyohiyo. Bawabu akiwa mmoja, nyumba ina amani. Akilala, nyumba nzima imelala.

Wataalamu wamepima hata uvumilivu wetu sisi tunaogonga. Jakob Nielsen, mwaka 1993, aliandika vipimo ambavyo bado vinafundishwa. Ukijibiwa ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, unahisi kitu kimekuitikia papo hapo. Ikifika sekunde 1, umeona kuchelewa, ila wazo lako halijakatika. Ikifika sekunde 10, moyo wako umeshakwenda kwingine. Nayo Windows, dirisha likikaa sekunde 5 bila kupokea tukio lolote, hulififisha na kuandika juu yake kwamba halijibu. Sekunde tano! Katika nyumba zetu mtu anaweza kukaa miaka mitano hajibu, na hakuna anayeandika chochote juu ya kichwa chake.

Sasa twende njiani na Yesu.

Marko anatuweka kando ya ziwa. Umati umemzonga Bwana. Yairo, mkuu wa sinagogi, mtu wa heshima zake, anaanguka miguuni pake: binti yake mdogo yu mahututi. Yesu anaondoka naye. Kila aliyekuwapo alijua safari ile ni ya wapi na kwa nini haipaswi kukawia. Hapo katikati ya msukumano kuna mwanamke aliyetokwa damu miaka 12. Ameshamaliza mali yake yote kwa matabibu, na hali imezidi kuwa mbaya. Anapenya katika umati, anakuja kwa nyuma, anagusa vazi.

Kwa nyuma. Nilipofika neno hilo wiki hii ndipo nilipomwona tena mama wa namba 40. Mwanamke wa Marko naye hakujiona kuwa mtu wa kuita kwa sauti. Yairo alikuja kwa mbele, ana jina, ana cheo, ombi lake limesikiwa na umati mzima. Huyu hana jina hata katika Injili. Ameshajifunza kwamba kwake skrini hairuki kwa bahati mbaya. Huruka kila siku.

Yesu akasimama. Wanafunzi wakashangaa, maana watu walikuwa wanamsonga kila upande, sasa anauliza aliyemgusa ni nani? Kwa hesabu yao kulikuwa na miguso mia. Kwake kulikuwa na mguso mmoja uliokuwa na mtu ndani yake. Akatazama huku na huku mpaka yule mwanamke akajitokeza akitetemeka, akamweleza ukweli wote. Ukweli wote wa miaka 12, wapendwa, hauelezwi kwa sentensi mbili. Na Bwana akasikiliza hadi mwisho.

Mimi ningekuwa na udhuru mzuri wa kutosimama. Mtoto anakufa! Nani angenilaumu? Nina udhuru wa namna hiyo kila wiki: mahubiri hayajakamilika, kikao cha ujenzi kinanisubiri, kuna mazishi kesho. Kila moja ni kazi ya Mungu, na kila moja imewahi kunifanya niseme "nakuja" kwa mtu ambaye sikumwendea. Yesu alikuwa katika kazi nzito kuliko zote nilizowahi kuzishika, na mlango wake ulikuwa wazi kiasi cha kuhisi pindo la vazi likiguswa.

Lakini tusimsahau Yairo. Amesimama palepale, anasikiliza habari za ugonjwa wa mtu mwingine, na kila pumzi anayoivuta anaihesabu kwa pumzi za mtoto wake. Yesu hajamaliza kuzungumza na yule mwanamke, wajumbe wanafika kutoka nyumbani: binti amekufa, wasimsumbue tena Mwalimu. Hapa mfano wangu wa bawabu unachechemea, na nisiufiche udhaifu wake. Kwenye kompyuta, anayengoja hupoteza sekunde. Yairo alionekana amepoteza mwana. Hakuna programu inayoweza kujibu hilo. Bwana alilijibu kwa kumwambia asiogope, akaendelea na safari ileile, akaingia chumbani na baba na mama wa mtoto pamoja na wanafunzi watatu, akamshika binti mkono, naye binti akainuka. Kisha akawaagiza wampe chakula.

Marko anadondoa jambo dogo mwishoni: binti yule alikuwa na umri wa miaka 12. Mwaka uleule alipokuwa akizaliwa kwa Yairo, ndipo yule mwanamke alipokuwa akianza kuugua. Miaka 12 ya vicheko katika nyumba moja ilikuwa miaka 12 ya aibu katika nyingine. Na njiani Yesu alimwita yule mwanamke binti. Walikuwa mabinti wawili katika foleni moja, na hakuna aliyerukwa.

Usiku ule wa zahanati nilirudi nyumbani nikaifuta amri ya kulala. Mahali pake nikaweka kinachoitwa taima. Taima ni kama kengele unayoitega. Bawabu anaitega, anaiweka kando, uso wake unarudi mlangoni. Sekunde ikitimia, kengele haimvamii. Inaleta ujumbe kwenye foleni kama mgeni mwingine yeyote. Bawabu anaupokea, anabadili rangi, kazi ya kufumba na kufumbua, anarudi tena kusikiliza. Muda ni uleule, sekunde sita. Tofauti ni kwamba katika sekunde zile sita kila anayegonga anafunguliwa.

Wapo kati yetu wanaongoja. Kijana anangoja ajira, binti anangoja majibu ya vipimo, mama anangoja simu ya mwanawe aliyeko mbali. Na wapo waliogeuza kungoja kuwa usingizi. Nikipata kazi nitarudi kwaya. Mambo yakikaa sawa nitakwenda kumsalimu baba. Kesi ya kiwanja ikiisha nitaanza kusali na watoto. Subira yavuta heri, ni kweli, lakini subira ya namna hii hufunga mlango ambao heri ingeupitia. Wewe unayengoja majibu, tega kengele: Ijumaa nitakwenda kuulizia. Ukishaitega, iache. Mpaka Ijumaa uko huru kwa jirani anayebisha hodi Jumatano.

Tulijifunza jambo jingine kuhusu taima. Bawabu akizidiwa, kengele ikalia mara tano kabla hajaishughulikia, Swing haimletei kengele tano za madeni. Huzikusanya zikawa moja. Kwa hiyo ukitaka kuonyesha muda uliopita, usihesabu milio, maana mingine imeunganishwa na hesabu yako itakuwa pungufu. Kila kengele ikilia, tazama saa yenyewe, uandike inachosema sasa. Nimelikumbuka hilo kila nilipokaa na mtu aliyeacha kusali miaka mingi, anayetaka kurudi lakini anaogopa rundo la siku asizosali. Anataka kuzilipa moja moja. Ndugu yangu, huna deni la kengele. Wana wa Israeli jangwani waliokota mana ya siku, na waliyojaribu kuilaza ikatoa mabuu, isipokuwa ile ya kuamkia Sabato. Kengele ya leo ikilia, usihesabu ulizokosa. Tazama saa. Ni sasa.

Na zile kazi nzito kweli, ambazo si za kungoja bali za kutenda? Wale wa zahanati baadaye walitaka taarifa ya mwezi mzima, hesabu iliyochukua karibu dakika nzima. Bawabu akiifanya mwenyewe, ni usingizi uleule umevaa nguo za kazi. Asiyejibu kwa kuwa anachapa kazi na asiyejibu kwa kuwa amelala, anayegonga mlango hawezi kuwatofautisha. Kazi kama hiyo anapewa mfanyakazi wa chumba cha nyuma, uzi mwingine. Tangu mwaka 2006 Java 6 ilikuwa na chombo rasmi cha jambo hilo, SwingWorker. Anahesabu kimyakimya, akimaliza analeta jibu kwa bawabu, na bawabu ndiye anayelichora. Mfanyakazi haruhusiwi kugusa dirisha kwa mkono wake.

Mtakuwa mmeshamkumbuka Yethro, baba mkwe wa Musa, katika Kutoka 18. Alimkuta mkwewe ameketi tangu asubuhi hadi jioni, watu wamesimama wanamngoja, akamwonya kwamba atajichosha yeye na watu wake. Akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Mpango wa Yethro ulikuwa kinyume cha ule wa kompyuta: mashauri mazito yalibaki kwa Musa, mepesi yakaenda kwa wasaidizi. Lakini mzee yule aliona nilichokiona mimi kutoka benchi la nyuma: foleni ya watu waliosimama kutwa nzima. Wazee wa kanisa, viongozi wa jumuiya, akina baba mnaoshika kila ufunguo wa nyumba, nani amesimama mbele yenu tangu asubuhi kwa sababu hamtaki kumwachia mwingine kazi?

Ipo mizigo isiyogawika. Msiba wako hakuna wa chumba cha nyuma atakayeubeba kwa niaba yako. Hata hapo tulikuwa na njia: kazi kubwa huikata vipande vidogo, ukafanya kipande, ukarudi mlangoni, kengele ikilia ukafanya kingine. Bandu bandu huisha gogo. Mjane mmoja aliwahi kuniambia kwamba alipanga kulia alfajiri kabla watoto hawajaamka, kisha kuwapikia uji. Sikuwa na la kumfundisha.

Neno la mwisho ni kwa walioko kwenye ndoa. Nimeketi na wanandoa wengi, na mara nyingi ugomvi wenyewe ulianza na kitu kidogo kama chumvi. Mume anasema mboga imepoa chumvi. Mke anajibu kwa habari ya harusi ya mdogo wake ambayo mume hakuhudhuria, ya ada ya mwaka juzi, ya siku aliyougua akaachwa peke yake hospitali. Mume anabaki mdomo wazi: hayo yametoka wapi? Hayakutoka popote. Yalikuwa kwenye foleni. Mke alibonyeza siku zile zote, kitufe kikazama kisiinuke, naye hakujibiwa. Leo wewe mume umezinduka, na namba inaruka kutoka 39 hadi 42 mbele ya macho yako. Usiilaumu chumvi. Keti, usikilize kuanzia 40.

Zoezi la wiki hii ni moja. Mtafute mtu aliyegonga kwako mwaka huu ukamwambia "nakuja". Usimwandikie ujumbe. Nenda.

Maana sijawaambia mama yule aliingiaje kwa daktari. Taima iliwekwa usiku, na kesho yake namba zilimetameta vizuri, kitufe kikainuka chini ya kidole cha dada kila alipobonyeza. Lakini siku ile ya kosa hapakuwa na taima. Nilikwenda mapokezi, nikainamia dirisha, nikasema kuna mama wa arobaini amerukwa, na kosa ni langu. Dada hakubonyeza kitu. Alitoka nyuma ya meza yake, foleni nzima ikimtazama, akaja hadi benchi la nyuma. "Shikamoo mama. Arobaini ni wewe?" Mama akaitika marahaba. Dada akamshika mkono, wakaingia pamoja.

Tuombe.

Ee Bwana uliyesimama njiani, utusamehe milango tuliyoilalia tukidhani tunangoja. Uwatazame leo wote waliorukwa wakajilaumu macho yao. Utufundishe kuachia wengine tunachopaswa kuwaachia, na kubeba kwa vipande tusichoweza kukigawa. Umguse Yairo wa wiki hii, ambaye kukawia kwako kunamtisha. Na ukitukuta tumeketi nyuma ya meza zetu, utuinue twende hadi kwenye benchi la mwisho. Amina.